Mzee si "der Alte"

Sentensi iliyoniaibisha kuliko zote nilizowahi kutamka kwa Kijerumani haikuwa na kosa la sarufi hata moja. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, zamu ya asubuhi inaikabidhi zamu ya mchana, tumesimama sita kwenye chumba kidogo cha wauguzi, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Nilipofikiwa nikasema kwa kujiamini: "Die Alte in Zimmer 12 hat nichts gegessen." Kichwani mwangu nilikuwa nimesema: mzee wa chumba namba 12 hajala kitu.

Hakuna aliyecheka. Muuguzi kiongozi aliweka kikombe mezani, akataja jina la ukoo la yule bibi, polepole, likitanguliwa na Frau, yaani Bi. Kisha akaongeza, "Ana jina." Tukaendelea na chumba namba 13.

Ripoti ilipokwisha nilijifungia chooni nikalia, sitaficha. Nimelelewa Tanga, kwenye nyumba ambayo mtoto hapiti mbele ya mtu mzima bila shikamoo. Leo mimi ndiye wa kumvunjia mzee heshima, tena mbele ya watu?

Nawaandikia wadogo zangu mnaojiandaa kwenda kusomea uuguzi Ujerumani. Vitabu vya lugha vinalimaliza jambo hili kwa jedwali la nusu ukurasa: namna kivumishi kinavyogeuka kuwa nomino. Jedwali si baya. Tatizo ni kwamba mimi nililikariri, nikalijua, na bado likanigharimu mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, kabla hata sijapata pasipoti. Nilikuwa nauza duka la dawa mchana, jioni nasoma Kijerumani. Mtihani wa B1 niliofanya, wa Kijerumani cha ngazi ya kati, una moduli nne, na kila moduli unatakiwa upate walau alama 60 kati ya 100. Kwenye kuandika nikapata 54. Unaruhusiwa kurudia moduli uliyoanguka peke yake, jambo ambalo nawashauri mlijue mapema ili msilipie upya mtihani mzima. Hata hivyo ada ya kurudia ilikula karibu mshahara wangu wote wa mwezi ule, na nauli ya daladala nikawa nakopa.

Mwalimu wangu aliniandikisha upya barua niliyoikumbuka kutoka kwenye mtihani, akaizungushia wino. Kaka yangu nilikuwa nimemwita "ein Angestellte", mwajiriwa. Ilitakiwa iwe "ein Angestellter". Mwishoni nimemtakia rafiki yangu "alles gut" badala ya "alles Gute". Herufi moja tu, na g ndogo iliyopaswa kuwa kubwa. "Alles gut" ndilo wanalosema mtu akikukanyaga akaomba radhi, yaani hakuna neno. "Alles Gute" ni kila la heri. Sisemi ni hayo tu yaliyoniangusha, maana mpangilio wangu wa vitenzi nao ulikuwa kichekesho, lakini makosa ya ukoo huu yalikuwa saba katika ukurasa mmoja.

Kwenye kuzungumza nilipita, ila kwa bahati. Nilisema nimewatembelea ndugu zangu: "Ich habe meine Verwandte besucht." Mtahini akauliza, "Wie heißt sie?" Nikajua ananiuliza majina yao. Nikaanza kuwataja mmoja mmoja, shangazi, baba mdogo, watoto wa baba mdogo, nimefika wa saba ndipo akanyanyua mkono. Kumbe kwa kusahau n moja mwishoni nilikuwa nimesema nina ndugu mmoja, mwanamke, naye akataka kujua jina la huyo mmoja. Ndugu wengi ni "meine Verwandten".

Kwa nini haya yalinishinda wakati Kiswahili kinayafanya kila siku? Jibu nililipata baadaye sana: ni kwa sababu kinayafanya kila siku, na kwa wepesi mno. Tunasema mtu mgonjwa, tunasema mgonjwa. Tunasema mtu mkubwa, halafu tunasema mkubwa ameniita ofisini. Hatuongezi kitu. Mtu ameondoka kwenye sentensi lakini ameacha m- yake mlangoni kama viatu, na kila anayepita anajua nani yuko ndani. Hata pasipo mtu ni hivyohivyo. Ukisema "hakuna jipya", lile ji- linakuambia ni jambo, au neno. "Nina machache ya kusema" ni maneno. "Makubwa haya!" ni mambo. "Umefika pabaya" ni mahali. "Kwema huko?" wala hakuna anayejiuliza kwema ni kwema gani. Hata hilo "kila la heri" ni kiunzi cha nomino iliyokwenda zake: kila jambo la heri, kila neno la heri, jambo likaondoka, la likabaki.

Kiingereza nilichosomeshwa sekondari hakina mlango wa kuachia viatu. Nikiwa kidato cha pili niliandika "a blind was crossing the road", nikimaanisha kipofu alikuwa anavuka barabara, nikakutana na kalamu nyekundu. Kwao "the blind" ni vipofu wote kwa jumla, "the poor" ni maskini wote kwa jumla, na kitenzi kinachofuata lazima kiwe cha wengi. Mmoja mmoja hawamtoi humo, isipokuwa kwa maneno machache, hasa ya mahakamani na msibani, kama "the accused" na "the deceased". Ukitaka mmoja sharti umrudishe mtu wake, au uweke "one" kuziba pengo. Niliingia darasa la Kijerumani na kovu hilo la Kiingereza, nikaamini kila lugha ya Ulaya iko hivyo. Nilipokutana na "ein Kranker", mgonjwa mmoja, nikadhani ni kosa la chapa.

Kijerumani kinaruhusu mmoja, kinaruhusu wengi, kinaruhusu mwanamume, mwanamke na kitu. Lakini kivumishi hakisahau kilikotoka. Kinaandikwa kwa herufi kubwa kama nomino, kisha mkiani kinaendelea kubadilika kama kivumishi: der Kranke ni yule mgonjwa mwanamume, ein Kranker ni mgonjwa mmoja mwanamume, die Kranke ni yule mgonjwa mwanamke, die Kranken ni wale wagonjwa, mit einem Kranken ni pamoja na mgonjwa mmoja. Kwetu mtu aliyeondoka amejificha mwanzoni mwa neno. Kwao amejificha mkiani, na nusu yake iko kwenye kile kijineno kinachotangulia. Mimi nilikuwa namtafuta mwanzoni.

Kilichonisaidia nirudie mtihani nikapita si jedwali. Nilinunua daftari la kurasa 48, kila neno la namna hii nikaliandika mara tatu kwa mpigo na kulisoma kwa sauti: der Angestellte, ein Angestellter, die Angestellten. Bila hizo tatu hujalijua neno. Kisha kuna maneno mawili yanayotega watu, myaandike kwa wino mwekundu. Der Junge, mvulana, ametokana na kivumishi cha ujana, ila siku hizi ni nomino ya kawaida: ni "ein Junge", si "ein Junger". Der Beamte, mtumishi wa serikali, anafuata kanuni vizuri, ein Beamter, mpaka awe mwanamke. Hapo anakuwa "die Beamtin", anaiacha kanuni kabisa. Msiniulize sababu. Mjerumani mmoja nilimuuliza, akafikiri, akasema ndivyo ilivyo.

Basi nikafika. Mafunzo ni miaka mitatu, saa 2,100 za darasani na saa 2,500 za kazini, na mkataba wangu wa kwanza uliniita Auszubildende. Nililifungua neno hilo kwa kamusi usiku ule: "anayetakiwa kufundishwa". Nayo ni kivumishi kilichovaa suti. Nilianza kuona kwamba mahali pote pa kazi pamejaa maneno ya aina hiyo. Bosi ni Vorgesetzte, aliyewekwa mbele. Ndugu wa mgonjwa ni Angehörige, wanaomhusu. Wanaohitaji uangalizi ni Pflegebedürftige. Mtu mzima ni Erwachsener, aliyekwisha kukua. Hata hospitali, Krankenhaus, ni nyumba ya wagonjwa, na Krankenwagen ni gari la wagonjwa, neno kwa neno kama letu. Mwenye kukwepa somo hili hapo kazini hana pa kupita.

Nami wiki za kwanza nilikuwa na jina moja tu: die Neue. "Muulize die Neue." "Die Neue ameshakunywa chai?" Kwetu ningeitwa mgeni, na mgeni anatengewa kiti. Die Neue ni mpya tu, kama birika jipya. Mara nyingi halikusemwa kwa ubaya, naapa, lakini nilikuwa narudi chumbani nimechoka kuwa kivumishi.

Ndiyo maana lile la die Alte, gharama yangu ya pili, liliniuma mara mbili. Jioni yake muuguzi mmoja mtu mzima, mwanamke wa kijijini hukohuko jimbo la Sachsen, alinikuta kituo cha tramu. Nikamweleza kwetu mzee ni nini: baba ni mzee, rais ni mzee, hata kijana wa bodaboda ukitaka akupunguzie nauli unamwita mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwao alt ni kivumishi kisicho na kosa, unaweza kusema "eine alte Dame", mama wa heshima aliye mzee, na hakuna atakayekunja uso. Ukimwondoa huyo mama ukabakiza die Alte peke yake, umebakiza uzee mtupu.

Nikatafuta kwetu kinacholingana nacho, nikakipata kabla tramu haijafika: kizee. Shina ni lilelile la -zee. Ukiweka m- umemkalisha kwenye kiti, ukiweka ki- umemtoa barazani. Basi nikajua nilichosema mbele ya watu watano. Nilisema kile kizee cha chumba namba 12 hakijala.

Na hapohapo, ndani ya tramu, vijana wawili wa shule wanabishana juu ya simu, kila sentensi inaanza na "Alter!" Alter, yaani mzee. "Alter, acha hiyo!" Vilevile kabisa kama vijana wa Kariakoo na "mzee baba" wao. Nikamtazama yule muuguzi, naye akanitazama, tukacheka mpaka kituo changu kikanipita. Lakini ushauri wangu kwenu ni mmoja: msijaribu kulitumia. Neno la rika halikopeshwi kwa mgeni wa miezi miwili.

Darasani nilikaa meza moja na Mtunisia na Mkolombia, na kama kuna jambo lililonifundisha kuliko mwalimu ni meza ile. Mkolombia alisema kwao baba anaitwa "mi viejo", mzee wangu, kwa mapenzi matupu, na un ciego ni kipofu mmoja bila shida yoyote. Kiswahili na Kihispania tukapeana mikono. Yeye ana kitu kingine ambacho Kijerumani nacho kinacho kwa njia yake: el bueno ni mtu mwema, lo bueno ni lile lililo jema, na hilo lo halishiki nomino yoyote, kazi yake ni hiyo tu. Kwa Kijerumani ni das Gute. Mwalimu alitutesa na tofauti ya das Gute na die Güte karibu kipindi kizima, wenzangu wanakuna vichwa, mimi nikaona ni jema na wema. Jema ni jambo lililo zuri, wema ni ile hali yenyewe. Nilinyoosha mkono kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Mtunisia alinikata maringo. Nilipomwambia tajiri kwetu ni mtu mwenye mali, alishangaa, kwa sababu kwao tajir ni mfanyabiashara. Nomino ya kazi, nasi tumeichukua tukaigeuza sifa, "mtu tajiri", kisha tukaigeuza tena nomino, matajiri. Maskini alilitambua mara moja. Mkolombia akaruka kitini: kwao kuna mezquino, lililotoka Kiarabu hichohicho, ila kwao ni bahili. Mtu fukara amesafiri kutoka Kiarabu, huku akabaki wa kuhurumiwa, kule akawa wa kusemwa. Mtunisia akatueleza pia kwamba wanasarufi wa Kiarabu tangu zamani hawakukitenga kivumishi na nomino kama tulivyozoea. Vyote ni ism, na kivumishi ni sifa tu ndani ya ukoo huo. Sijui kama alitambua alivyonipunguzia mzigo. Miezi yote nilidhani kuna ukuta kati ya maneno haya mawili na mimi ndiye nisiyejua mlango uko wapi.

Mwaka wa pili yakaja masomo ya maadili, na hapo ndipo gharama ya tatu. Niliandika kazi ya kurasa kumi na mbili nikawaita wagonjwa wangu Demenzkranke, wagonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, na Behinderte, walemavu, ukurasa mzima mzima, kwa sarufi safi, kila mkia mahali pake. Nilirudishiwa niandike upya. Mkufunzi hakuwa na neno na sarufi. Alisema: Menschen mit Demenz, Menschen mit Behinderung. Watu wenye. Mtu arudishwe kwenye sentensi. Alitukumbusha kwamba taasisi moja kubwa ya misaada ya Ujerumani iliyokuwa ikiitwa Aktion Sorgenkind, yenye mtoto wa kuhangaikiwa ndani ya jina lake, mwaka 2000 ilijiita Aktion Mensch.

Nilinuna, nikasema Wazungu wamezidi. Kisha nikakumbuka kwetu tumeshapita njia hiyo. Sheria yetu ya mwaka 2010 ni ya watu wenye ulemavu, haisemi walemavu. Albino, neno ambalo ndani yake mna weupe wa Kilatini na hakuna mtu, sasa ni mtu mwenye ualbino. Na bado viziwi wenyewe wana chama chao, CHAVITA, kinachojiita bila wasiwasi Chama cha Viziwi Tanzania. Kwa hiyo kanuni moja ya kukariri haipo. Mnaofika kazini ulizeni wenye jina wanajiitaje, na mkishindwa kuuliza, tumieni Frau au Herr, Bi au Bwana, na jina la ukoo. Hilo halijawahi kumtia mtu chooni.

Ila pia msiogope kila neno la aina hii. Wanafunzi wa chuo siku hizi wanaitwa Studierende, wanaosoma, kwa sababu neno hilo kwa wingi halichagui mwanamume wala mwanamke. Waliokimbia vita wengi wanawaita Geflüchtete, badala ya Flüchtlinge. Kugeuza sifa kuwa jina kunaweza kumshusha mtu na kunaweza kumpa nafasi, na kamusi haitakuonyesha ni lipi.

Bibi wa chumba namba 12 hakuwahi kujua nilichomwita. Nilimlisha jumla ya miezi kumi na minne. Jina langu lilimshinda, akanipa lake: Kleine. "Na, Kleine?" (vipi, Kleine?) kila nikifungua mlango. Kleine ni mdogo, wa kike. Wenzangu walidhani litaniudhi, mwanamke wa miaka ishirini na sita. Hawakujua mdogo kwetu ni nani. Yeye akisema Kleine mimi nasikia mdogo wangu, na mdogo wangu ni mtu wa tumbo moja na mimi.

Alifariki mwezi Februari, alfajiri, mimi nikiwa zamu ya usiku, mwaka wangu wa tatu. Nilijaza taarifa mwenyewe, muuguzi kiongozi yuleyule amesimama nyuma yangu. Niliandika kwamba Angehörige wa Verstorbene wamepigiwa simu, na kwa Kijerumani mikia ya maneno hayo mawili si mchezo: die Angehörigen der Verstorbenen. Verstorbene, aliyefariki. Mtunisia alishaniambia marehemu naye katokea huko huko kwenye sifa, aliyerehemewa. Muuguzi kiongozi alisoma hadi mwisho, akatia saini, hakugusa herufi. Kisha akafungua dirisha, kama wafanyavyo kule mtu akifa, baridi ikaingia.

Nilipotoka nje kulikuwa na ujumbe wa mama, huko Tanga kumeshakucha. "Lipi jipya mwanangu?"

Nikamwandikia: Mzee wetu wa chumba namba 12 amefariki.